Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Nilipokuwa Peke Yangu Bustanini

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida. Anayeona uvivu na ausome baada ya futari, hakuna dhambi.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa msikitini aliniletea swali. Jina lake silitaji, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Anafanya kazi dukani kwa mtu. Walikubaliana mshahara, lakini kila mwisho wa mwezi tajiri wake anampunja: mara biashara mbaya, mara tutamalizana mwezi ujao. Huo mwezi ujao haufiki. Kijana amepiga hesabu, anadai karibu mshahara wa miezi minne. Na yeye ndiye anayeshika droo ya pesa. Akaniuliza: "Sheikh, nikichukua kidogo kidogo mpaka haki yangu itimie, halafu nikaacha, nitakuwa nimeiba? Na swaumu yangu je?"

Sikumjibu pale pale. Nilimwambia aje baada ya tarawehe. Si kwamba sikuwa na kitabu cha kufungua, kitabu ninacho. Nilinyamaza kwa sababu lile swali lilinikumbusha siku moja yangu mimi mwenyewe, ambayo mpaka leo sijamsimulia mtu, hata mama watoto. Leo naisimulia.

Ramadhani ya mwaka 2023 nilialikwa London na ndugu zetu Waswahili wanaoishi kule, niwaswalishe tarawehe. Usiku nilikuwa mfalme: watu, uji, sambusa, mazungumzo mpaka daku. Mchana sasa! Wenyeji wote wako kazini, watoto shule, mimi nimebaki na dirisha. Siku moja mwenyeji wangu akanikatia tiketi ya Bustani ya Mimea ya Kew, akaniandikia treni za kupanda, akasema, "Sheikh, nenda ukatembee, utakaa ndani kama mtu wa eda?"

Nikaenda peke yangu, nimefunga. Najua wapo watakaouliza habari ya ruhusa ya msafiri. Nilikuwa nimenuia kukaa zaidi ya siku nne kamili, kwa hiyo kwa madhehebu yetu ya Shafi safari ilishakatika, nafunga kama mwenyeji. Tuendelee.

Kew si bustani ya kupigia picha za harusi tu. Ilianza mwaka 1759, na mwaka 2003 UNESCO waliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Mimea ya kila bara imo mle, na ile isiyostahimili baridi imejengewa majumba makubwa ya vioo, ndani yake mna joto na unyevu kama Muheza wakati wa masika. Ule ulikuwa mwezi wa nne, micheri imechanua, majani ya kijani ndiyo yanaanza kuchungulia. Watu wawili wawili, familia, wazee na vikapu vyao vya chakula. Wanakula, tena mbele ya mfungaji! Si kosa lao.

Niliingia kwanza kwenye jumba linaloitwa Temperate House. Humo upo mti kutoka Afrika Kusini, wa jamii ya sikadi, ukiutazama kwa haraka utadhani mnazi mfupi. Habari yake ni ya kusikitisha. Mwaka 1895 mtaalamu mmoja, John Medley Wood, aliukuta katika msitu wa Ngoye, kule kwa Wazulu. Ulikuwa dume. Tangu siku hiyo watu wametafuta jike lake, hawajalipata. Yote iliyomo duniani leo ni machipukizi ya dume lile lile. Wa Kew uliletwa mwaka 1899, umesimama pale kwa zaidi ya miaka 120 hauna mwenzi.

Nikasimama mbele yake nikajionea huruma. Naam, huruma ya nafsi yangu, si ya mti. Nikasema, mimi na wewe ni kitu kimoja, tumeletwa huku, hatuna wa kuongea naye. Hili nalitaja makusudi. Muichunge sana ile saa ambayo mtu anajionea huruma. Mtu anayejionea huruma anaanza kuhisi kwamba dunia ina deni lake.

Adhuhuri niliswali kwenye nyasi, nyuma ya mti mkubwa. Hakuna aliyenijali. Hapo nikagundua jambo jingine: mji mzima ule hakuna anayenijua. Huku kwetu nikipita dukani tu, mtu anazima muziki. Kule mimi si sheikh, si mwalimu, si baba fulani. Ni mtu mweusi aliyevaa koti. Wallahi nilihisi raha kidogo, na sasa nikiikumbuka raha ile naiogopa.

Baada ya swala nikaingia jumba jingine la vioo, la Princess of Wales, ambalo ndani limegawanywa vyumba vya hali ya hewa mbalimbali. Kona moja yenye kivuli na mawe yenye maji nikakuta ua la kwetu.

Watu wa Tanga mnalijua hata kama hamjui kwamba mnalijua. Ua dogo la zambarau, katikati lina manjano, majani yana manyoya laini kama sikio la paka. Linaota kwenye majabali ya milima ya Usambara, penye kivuli na ubichi. Waingereza wanaliita urujuani wa Afrika. Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara, kwa sababu wao ndio waliolichukua. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani kwa baba yake. Mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu linalotokana na jina lake. La kwake yeye, si la Msambaa aliyemwonesha njia ya kupanda mlima.

Upande wa mama mimi ni mtu wa Lushoto. Utotoni likizo zote nililala kwa bibi. Sasa fikirieni: nina njaa, nina upweke, mchana mrefu, na mbele yangu kimesimama kipande cha mlima wa bibi yangu ndani ya kioo cha watu.

Na nilikuwa najua jambo moja kuhusu ua hili. Halihitaji mbegu. Ukichuma jani moja na kikonyo chake ukakichomeka kwenye udongo mbichi, linatoa mizizi na kuwa mmea mzima. Jani moja tu, linaingia mfukoni.

Nikatazama huku na huku. Hakuna mtu.

Sasa sikilizeni jinsi nafsi inavyotoa fatwa. Haikuniambia "iba." Nafsi haina adabu mbaya kiasi hicho mbele ya sheikh. Iliniambia: Hii ni mali ya nani? Waliomba ruhusa kwa nani mwaka 1892? Mali iliyochukuliwa pasipo haki haigeuki kuwa halali kwa kukaa muda mrefu, wewe mwenyewe unafundisha hivyo kila siku ya Alhamisi. Na jani moja lina thamani gani? Mmea hautadhurika, utatoa jingine. Tena nia yako ni njema, unakwenda kulipanda kwenu. Ikanipa dalili zote, ikanipangia hoja vizuri kuliko mimi ninavyopanga hotuba ya Ijumaa. Nikanyoosha mkono. Nikakishika kikonyo baina ya vidole viwili.

Nikainua macho nikakuta mtoto ananitazama.

Mtoto wa kike, miaka sita au saba. Babu yake yuko hatua chache nyuma anasoma kibao. Yule mtoto alikuwa ameweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, ameishikanisha, kama alivyoelekezwa bila shaka, usiguse. Haangalii ua. Anaangalia vidole vyangu.

Nikaachia. Na ili isionekane nimeachia, nikainamisha uso nikajifanya nanusa. Jamani, ua lile halina harufu! Mtu mzima wa miaka arobaini na, mfungaji, hafidhi wa juzuu kadhaa, ananusa ua lisilonuka ili kumdanganya mtoto wa Kizungu.

Akaondoka na babu yake. Mimi nikabaki pale miguu haina nguvu, na si kwa njaa. Kilichonikata si kwamba nilitaka kuchukua jani. Kilichonikata ni hesabu niliyoifanya mwenyewe: tangu nilipolisogelea ua lile mpaka nilipolishika, Allah alikuwa ananiona, na hilo halikunizuia. Mtoto aliponiona, mkono ulirudi wenyewe.

Mnaijua habari ya Abdullah bin Umar na mchungaji. Amesimuliwa kijana anachunga mbuzi wa bwana wake, siku ya jua kali, naye amefunga swaumu. Ibn Umar akamjaribu, amuuzie mmoja na kwa bwana wake aseme kaliwa na mbwa mwitu. Yule kijana akauliza, sasa Mungu atakuwa wapi. Kisa hiki nimekisimulia mimberini si chini ya mara kumi, mpaka watu wanalia. Siku ile nilikuwa mahali pa mchungaji, peke yangu, nimefunga, mali si yangu, na lile swali lake halikunijia.

Nikatembea mbele kidogo, kwenye vidimbwi vya maji mle mle ndani. Mzee mmoja wa kujitolea, mwenye beji, alikuwa anawaeleza watu, akaniona nimesimama akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akafurahi, akasema basi acha nikusimulie habari ya jirani yako. Akanisimulia yungiyungi dogo kuliko yote duniani, majani yake mengine hayazidi upana wa sentimita moja. Liligunduliwa mwaka 1987 na Mjerumani mmoja, Eberhard Fischer, kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, kusini magharibi mwa Rwanda. Baadaye maji ya pale yakatumiwa kupita kiasi, sehemu lilipoota pakakauka, ua likatoweka pale. Lililobaki ni lile lililokuwa limehifadhiwa kwenye bustani ya Bonn kule Ujerumani. Kew wakapata mbegu, wakajaribu kuzikuza, miche inakufa. Mayungiyungi mengine yanaanza maisha chini ya maji, hili nalo linafia humo. Mwaka 2009 mkulima wa bustani ile, Carlos Magdalena, akang'amua kwamba kule kwao liliota kwenye tope la ukingoni, siyo ndani ya maji. Akainua vyungu mpaka usawa wa maji ili miche ipate hewa. Ikapona.

Halafu yule mzee akapunguza sauti: "Januari 2014 mtu aliingia humu kama mgeni wa kawaida, akang'oa moja, akaondoka nalo."

Sikusema neno. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni, mfuko mtupu, lakini nilihisi kama una kitu.

Huyo mtu wa 2014 simjui. Lakini siamini kwamba alijiambia "mimi ni mwizi." Naye bila shaka alikuwa na hoja zake.

Sasa mtu atasema: Sheikh, lakini hoja yako ya 1892 si ya kweli? Ndiyo, ina ukweli. Sitaki kuupaka rangi ukoloni hapa. Waliochukua walichukua, na wengine walitajirika kwa mbegu za watu. Mwaka 1876 Henry Wickham alitoa Brazil mbegu za mpira zipatazo 70,000, zikapelekwa hapo hapo Kew, miche yake ikaenda Asia, na utajiri wa mpira ukahama nao. Lipo la kudai. Watu wadai, serikali zidai, kwa uwazi na kwa karatasi.

Ila usiku ule kitandani nilikumbuka kitu kikanichekesha peke yangu. Ua letu liliondoka Tanga mwaka 1892. Mwaka 1893 ukaingia mkonge. Mkonge! Ule uliojenga reli na bandari ya mawazo yetu, ambao babu yangu mzaa baba aliukata mpaka mgongo ukapinda. Kwao ni Mexico, Yucatan. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika hai ni 62, na mashamba yote ya Tanga yakaanzia hapo. Wamexico walitoa ruhusa? Na karafuu za Unguja na Pemba asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mbona hoja yangu ya haki sikuwahi kuipeleka huko? Kwa sababu hoja yangu haikuwa ya haki. Ilikuwa ya jani. Haki niliitafuta baada ya mkono kutamani.

Turudi kwa kijana wa dukani. Kwenye fiqhi suala lake lina jina, linaitwa dhafar: mtu aliyenyimwa haki yake akipata mali ya aliyemdhulumu, achukue au asichukue? Wanavyuoni wamehitilafiana, na madhehebu yetu ya Shafi yamefungua mlango kwa masharti, si mlango wazi. Wanaoruhusu wanategemea kisa cha Hind, mke wa Abu Sufyan, aliyemlalamikia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mumewe ni mbahili, akaruhusiwa kuchukua kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Wanaozuia wanategemea hadithi inayotutaka turudishe amana kwa aliyetuamini, wala tusimfanyie hiyana hata aliyetufanyia hiyana. Ufafanuzi wa pande zote mbili nitautoa kwenye darsa, hapa utatuchelewesha.

Lakini angalieni jambo moja kwa Hind ambalo mimi sikuliona mpaka nilipotoka Kew. Hind aliuliza. Alikuwa na funguo za nyumba, angeweza kunyamaza na kuchukua, nani angejua? Yeye akalitoa jambo nje, akalipeleka kwa asiyekuwa yeye. Mimi bustanini nilikuwa mdai, shahidi, kadhi na askari, wote wanne ndani ya koti moja. Kesi kama hiyo nani aliwahi kushindwa?

Na kuna kitu cha ajabu kuhusu swaumu yetu. Fikiria unatawadha Alasiri, koo limekauka, mdomo umejaa maji, uko peke yako, mlango umefunga. Tone moja likishuka hakuna kiumbe atakayejua. Na hushushi. Mlevi wa jana hashushi. Mtoto wa darasa la nne hashushi. Basi uwezo wa kumwona Allah tukiwa peke yetu tunao, hauwezi kuwa haba kiasi hicho. Kwa nini unafanya kazi kwenye maji na haufanyi kazi kwenye droo, kwenye mizani, kwenye muhuri wa ofisi, kwenye mtihani wa mtoto ninaousahihisha mimi mwalimu?

Nimelifikiria sana. Naona ni kwa sababu kwenye maji hatujawahi kutunga hoja. Hakuna mfungaji anayejiambia, "maji haya nilidhulumiwa mwaka jana." Maji ni maji, muda haujafika, basi. Lakini kwenye mali ya watu kila mmoja ana 1892 yake. Mshahara mdogo, bosi mbaya, serikali haijali, mirathi ilinidhulumu, hata wao wanachukua. Na nyingine ni za kweli kabisa! Hapo ndipo penye utelezi, kwa sababu mtu aliyedhulumiwa kweli ndiye mwepesi zaidi wa kujipa ruhusa ambayo hajapewa.

Niongeze na hili, mcheke kidogo. Jioni ile narudi, karibu na stesheni nikapita duka la vyakula. Nje wamepanga vyungu vidogo vya maua ya kuuza. Lilikuwepo. Ua la Usambara, zambarau, jekundu, jeupe, limejaa, bei yake kama kikombe cha chai cha kule. Nilitaka kuivunja swaumu yangu ya ndani kwa kitu ambacho ningeweza kukinunua kwa chenji iliyokuwa mfukoni. Niliporudi nyumbani nikamwonesha mama picha yake kwenye simu, nikamwambia Wazungu wanalitunza kwenye nyumba ya vioo. Akaitazama picha kwa mbali, akasema, "Hili? Hili tulikuwa tunalikanyaga tukienda kuteka maji."

Yule kijana alikuja baada ya tarawehe, nikamhadithia haya kabla yenu. Nikamwambia haki yake ni ya kweli, asiiache wala asiione haya. Lakini droo asiiguse. Aandike kwenye karatasi kila mwezi alipunjwa kiasi gani, na atafute anayemwamini aende naye. Akaniuliza, "Na akinifukuza?" Nikamwambia inawezekana, sitakudanganya. Akanyamaza muda mrefu. Ana mke na mtoto mmoja. Halafu akasema, "Twende wote, Sheikh."

Karatasi ameshaiandika, nimeiona, hesabu zake zimenyooka. Jumamosi baada ya Adhuhuri mimi na yeye tunakwenda kwa tajiri wake. Tuombeeni dua.

Darsa ya leo ipo baada ya Alasiri kama kawaida. Wassalaam alaykum warahmatullah.